Kisu Chenye Meno Mawili

Juzi nilikwenda dukani kununua uzi wa cherehani nikamkuta muuzaji anamiminia mtu mafuta ya taa kwenye chupa. Wengine wakinusa mafuta ya taa wanakumbuka taa ya chemli na kusoma kwa kubanana mezani. Mimi naona alumini. Naona maranda meupe yanayong'aa yakiruka kama mvua ya mawe na kunasa kwenye sweta la mama yangu, naye anayapangusa bila kuangalia. Nilisimama pale dukani mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, uzi rangi gani?" Nikasahau hata nilikuja na kitambaa cha rangi gani.

Mama yangu alikuwa fundi wa mashine. Nikisema hivyo watu huuliza, "Cherehani?" Hapana, cherehani ni yangu mimi. Mama alikuwa fundi wa chuma, kwenye karakana moja ya mtu binafsi, chini ya barabara ya kwenda Gare, kule Usambara, pale ukungu ulipokuwa unaingia asubuhi mpaka ndani na kutulia juu ya mashine kama ng'ombe aliyelala. Alikuwa mwanamke pekee pale. Alisoma chuo cha ufundi, akamaliza, akaajiriwa, halafu akapewa tupa na msasa. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kulainisha kingo za vitu vilivyokatwa na wengine.

Mwenye karakana aliitwa Baba Neema. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na kila asubuhi alifungua kabati la bati, akatazama kazi ya siku, akachagua visu vya mashine na kumpa kila fundi chake mkononi. "Wewe hiki. Wewe hiki." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Visu hivyo msifikiri vya jikoni. Ni vipande vya chuma kigumu, vya duara kama penseli nene, vina meno yaliyojisokota kuanzia kichwani. Unakibana kwenye mashine ya milingi kinazunguka, meza yenye chuma inasogea chini yake, na pale kinapopita panabaki shimo au mfereji. Kazi ya kuchagua kipi kikate nini ilikuwa ya Baba Neema, na mafundi walisema mtu akishaaminiwa kuchagua ndipo anapokuwa fundi. Kabla ya hapo ni mikono tu.

Mwaka ule nilioanza darasa la kwanza, ikaja kazi ya kalibu. Kuna kituo cha watu wanaotembea kwa magongo, na magongo yao yalikuwa yanateleza. Nyie mnaozijua njia zetu wakati wa mvua, udongo mwekundu ule unavyokuwa kama sabuni, mnaelewa. Zile raba za kuvalisha chini ya gongo zilikuwa zinatoka mbali, zinachakaa haraka, zikiisha mtu anafunga kipande cha tairi kwa waya. Kituo kikauliza kama karakana inaweza kuchonga kalibu ya alumini, ya kumiminia na kukandamizia mpira wa moto, zitoke raba sita kwa mara moja. Kalibu nzima ilikuwa pande la alumini ukubwa wa Biblia ya kanisani, lenye mashimo sita, na chini ya kila shimo panatakiwa pawe mviringo, laini kabisa, kama ndani ya ganda la yai.

Mimi nilikuwa naziita viatu vya magongo.

Mafundi wawili wakubwa walikuwa wamebanwa na kazi ya mashine za kusagia. Baba Neema akazunguka zunguka, akasimama mbele ya mama.

"Mama Ester, hii utaiweza?"

"Nitaiweza, mzee."

"Mashine ya milingi nakuachia wiki nzima. Na visu uchague mwenyewe." Akampa ufunguo wa kabati. "Jumatatu wageni wanakuja kuona raba ya kwanza inatoka. Ikitoka vizuri, mashine hii ni yako. Isipotoka," akaangalia tupa ukutani, hakumalizia.

Jioni ile mama alitembea kwenda nyumbani anaimba alto ya wimbo wa kwaya peke yake, bila soprano. Bibi, mama yake mzazi tuliyekuwa tunakaa naye, akamuuliza kimetokea nini. Mama akamwambia. Bibi akasema, "Kesho usile makande ukashiba sana, utasinzia kwenye mashine." Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi ya bibi.

Shule ikiisha mchana nilikuwa nashuka karakana kumngojea. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali na mashine, nikila ndizi. Mama alikuwa ameshona mkunjo wa kitambaa cha kanga wenye vifuko vidogo, na kila kisu alichokichagua alikitia kwenye kifuko chake ili visigongane. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja na kunionyesha, nadhani kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. "Hiki kifupi kinene ndicho cha kuanzia. Kinakula sana, hakitetemeki. Kinaacha kuta zina makovu, lakini si neno, naacha nyama kidogo, unene wa ukucha. Halafu anakuja huyu mdogo kumalizia." Na huyo mdogo alikuwa na kichwa cha mviringo, kizuri, kilichong'aa. Cha aina ile, kwa kipimo kile, kilikuwa kimoja tu katika kabati lote.

Sasa ngoja niwaambie hali yangu wakati ule. Nilikuwa sina meno ya mbele. Yalitoka yote mawili ya juu ndani ya wiki moja, na darasani kulikuwa na mtoto anaitwa Rajabu, mtoto wa mwalimu aliyehamia kutoka Tanga, ambaye kila nikisimama kusoma alisema kwa sauti ya chini, "Kibogoyo anasoma." Watoto wote wanacheka. Mwalimu akigeuka, Rajabu anaangalia dari. Niliacha kucheka mdomo wazi. Nilijifunza kucheka kwa pua.

Siku ya Alhamisi Baba Neema akaja kusimama nyuma ya mama. Mashimo yote sita yalikuwa yameshachongwa mchongo wa awali. Akachukua kile kisu kidogo chenye kichwa cha mviringo, akakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu mbona meno mawili?" akasema. "Pale kabatini kuna wa meno manne."

Mama akajibu kitu, lakini mashine ya jirani ikawashwa nikasikia mngurumo tu. Niliona midomo yake inakwenda, na Baba Neema anamtazama, na fundi mmoja upande wa pili anacheka. Baadaye sana, nimeshakuwa mkubwa, mama alinieleza alichojibu. Alumini inanata. Ikikatwa inataka kurudi na kujibandika kwenye kisu, kwa hiyo meno yakiwa mengi hakuna nafasi ya kutema maranda, kisu kinasongwa koo. Meno mawili yanaacha njia pana, unaongeza matone ya mafuta ya taa, maranda yanatoka yenyewe. Meno manne ni ya chuma kigumu. Tena wale wa meno manne wa kabatini walikuwa na vichwa bapa, wasingeweza kuacha mviringo. Na yule fundi alikuwa anacheka na mwenzake habari za mpira wa miguu.

Lakini mimi wa miaka saba niliona kitu kimoja. Mama yangu alikuwa na kisu kibogoyo, na wakubwa walikuwa wanamcheka.

Iliniuma, jamani. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikasirika kwa niaba ya mama, na ni kweli, lakini zaidi nilikionea huruma kisu chenyewe. Kilikuwa kidogo kuliko vyote na kilikuwa kinatakiwa kufanya kazi ngumu kuliko vyote, mbele za watu, na meno hakina.

Dawa nilikuwa naijua. Bibi alikuwa amenifundisha wiki mbili tu nyuma. Jino likitoka hulitupi hovyo. Unakwenda nyuma ya nyumba, unageuza mgongo, unalirusha juu ya bati, unasema, "Panya, chukua hili bovu, niletee zima." Halafu unaondoka bila kugeuka. Nilifanya hivyo kwa meno yangu yote mawili, na tayari ufizi ulikuwa unawasha, na bibi alisema kuwashwa ndiyo kuota.

Ijumaa jioni mama alirudi na mkunjo wake wa kanga kwa sababu alitaka kuvisafisha visu nyumbani. Akavipangusa, akavirudisha kwenye vifuko, akaenda mazoezi ya kwaya. Bibi alikuwa anakamua ng'ombe. Nikakitoa kile kidogo. Kilikuwa kizito kwa umbo lake na baridi kama kokoto la mtoni. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikageuza mgongo, nikarusha.

Hakikufika. Kiligonga ukingo wa bati, kikarudi, kikaangukia jiwe la mlango wa nyuma. Ting! Nikakiokota, nikakiomba radhi, nikarusha tena kwa nguvu zote. Safari hii nikasikia kinabingirika juu ya bati kisha kimya. Nikasema maneno ya panya. Niliongeza "tafadhali" na "manne", maana nilitaka awe sawa na wenzake. Nikaingia ndani bila kugeuka, na usiku ule nililala mtoto mwema kuliko wote wa Usambara.

Jumamosi hakuna shule. Nilikwenda na mama. Alifunga kalibu mezani, akaipima, akaipima tena, akafungua mkunjo. Akaingiza vidole kwenye kifuko cha mwisho. Akaingiza tena. Akageuza kitambaa chote, visu vikalala mezani kwa mstari, akavihesabu kwa midomo.

Sikuwahi kumwona mama anapiga magoti isipokuwa kanisani. Alipiga magoti kwenye sakafu ile akachukua sumaku iliyofungwa kamba, akaanza kuipitisha kwenye marundo ya maranda. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo kama kisu kingekuwa mle kingeng'ang'ania. Rundo la kwanza. La pili. Sumaku ilikuja na msumari mmoja uliopinda na nati. Mama akavitoa taratibu akaviweka pembeni kama vitu vya thamani, akaendelea.

Baba Neema akaingia. "Onga makeo," akasalimia kwa Kishambaa, halafu akaona.

"Kipi?"

"Cha kumalizia, mzee."

Akatazama visu vilivyolala mezani, akavihesabu na yeye. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ndiyo maana ilikuwa mbaya.

"Mama Ester. Mimi nawachagulia watu visu hapa, na watu wananiona mkali. Mara moja nimemwachia mtu achague mwenyewe. Mara moja."

"Nitakipata."

"Leo Jumamosi. Kesho kanisani. Wageni Jumatatu saa nne. Kutafuta kingine ni Tanga, labda Dar." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa kabati kwanza. Jumatatu nitawaambia wageni warudi mwezi ujao, kazi itafanywa na mwingine."

Mama akatoa ufunguo mfukoni. Mkono wake ulikuwa mweusi kwa mafuta, na nilipouona unanyoosha ule ufunguo nikaona sasa imetosha, siri nzuri kiasi gani mtu anaweza kuificha?

"Shikamoo Baba Neema," nikasema. "Msihangaike. Kinaota meno."

Wote wawili wakanigeukia.

"Nani anaota meno?" mama akauliza.

"Kisu. Nimekipeleka kwa panya. Kitarudi na manne, hawatakucheka tena. Yangu yana wiki mbili na bado, lakini chenyewe kidogo, labda siku tatu."

Nilisubiri mama afurahi. Alinitazama, akanitazama mdomoni, pale penye pengo, na nikaona anaelewa kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kisima. Baba Neema alikuwa ameshika ufunguo hewani. Nilijua kwa mara ya kwanza, kwa sura zao, kwamba nimefanya kitu kibaya sana, nikaanza kulia hapo hapo juu ya ndoo.

"Unamuona mtoto wako," Baba Neema akasema.

"Namuona," mama akajibu. Akaja, akanifuta makamasi kwa upande safi wa mkono. "Alitaka kunisaidia. Ester, bati la wapi? La nyumbani?"

Tulipanda kilima cha kwenda nyumbani mama akiwa mbele, mimi nakimbia nyuma. Bibi alipoambiwa alikaa chini kwenye kigoda akacheka mpaka machozi, halafu akajishika mdomo alipoona uso wa binti yake. Ngazi ikaletwa. Mama akapanda na gauni lake la kazi, akapapasa kwenye mfereji wa kukingia maji ya mvua, ndani ya majani makavu ya miti ya miwati, akatoa mkono.

Kilikuwepo. Mama akashuka nacho. Alikipeleka kwenye mwanga, na mimi nikachungulia chini ya kiwiko chake. Meno yalikuwa bado mawili, na moja lilikuwa limepukutika ncha, pale pale kichwani, kwenye mviringo. Jiwe la mlangoni.

"Panya hakuja," nikasema.

"Hakuja, mama." Aliniita hivyo, mama, kama tunavyowaita watoto wa kike tukiwaonea huruma. "Jino likishavunjika namna hii, ukikitumia litachana ukuta wa kalibu. Kila shimo litakuwa na mkwaruzo, na mpira utanasa hautatoka."

Akakaa kwenye ngazi, kwenye daraja la chini. Bibi akaleta chai. Mama hakuinywa. Alikuwa anakizungusha kile kisu kwa vidole viwili, jino zima, jino bovu, jino zima, jino bovu. Kisha akasimama ghafla, chai ikamwagika.

Karakana ilikuwa inafungwa. Baba Neema alikuwa ameshavaa koti.

"Nakuomba jiwe la kunolea saa moja tu," mama akamwambia. "Hili bovu nataka kuling'oa lote."

"Uling'oe?"

"Nibaki na moja. Jino moja zima linakata sawasawa na mawili, mradi nipunguze mwendo wa meza nusu. Lililovunjika likibaki linakwaruza. Likiondoka kabisa, haligusi kitu."

Baba Neema alitazama kisu, akatazama saa, akavua koti.

Nilikatazwa kusogea kwa sababu ya cheche, kwa hiyo niliona mgongo wa mama tu. Alikuwa anagusa jiwe na kuondoa, anagusa na kuondoa, anakitumbukiza kwenye kopo la maji kisije kikaungua kikalegea, anakiangalia, anarudia. Mtu mwenye haraka angekiharibu mara ya pili. Alipokibana kwenye mashine alikijaribu kwanza kwenye kipande cha alumini kibovu. Akainamisha kichwa kusikiliza. Nikasikia na mimi. Mara zote kile kisu kililia zzzz kama nyuki. Sasa kilikuwa kinalia tk tk tk tk, taratibu, kama mtu mzee anayetafuna karanga upande mmoja wa mdomo.

"Kinakula," Baba Neema akasema kwa mshangao.

"Kinakula," mama akasema. "Ester, sasa njoo. Simama hapo hapo, usisogee. Unasikia? Kikibadilisha sauti, nitasimamisha."

Alifanya shimo moja siku ile mpaka giza likaingia, na Jumapili baada ya ibada Baba Neema mwenyewe alikuja kumfungulia mlango, akafanya matano yaliyobaki. Nusu ya mwendo ni mara mbili ya muda. Mimi na bibi tulimpelekea chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akala amesimama.

Jumatatu nilisema naumwa tumbo. Bibi alijua si kweli, akanifunga skafu, akanipeleka karakana. Wageni walikuwa wawili, baba mmoja wa ofisini na dada mmoja wa kijiji cha Mgwashi aliyekuwa anatembea kwa magongo tangu utotoni. Mpira ukawekwa, kalibu ikafungwa, ikakandamizwa kwenye moto, tukasubiri. Harufu yake ilikuwa mbaya kama tairi linaloungua. Mama alisimama mikono nyuma. Niliona vidole vyake vikifinyana.

Kalibu ikafunguliwa. Raba ya kwanza ilitoka kabla hajaigusa vizuri, ikamdondokea mkononi yenyewe, nyeusi, chini mviringo laini, ya pili ikafuata, mpaka sita. Yule dada akavalisha mbili kwenye magongo yake zikiwa bado na uvuguvugu. Akatoka nje. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mbele ya karakana palikuwa na mteremko ambao hata mafundi walikuwa wanaushuka kwa kushikilia ukuta. Akaushuka. Akageuka akaupanda. Katikati akasimama, akabonyeza gongo moja kwa uzito wake wote, akalitikisa, lisisogee.

"Nani katengeneza?" akauliza.

Mafundi wakamwonyesha mama. Yule dada akacheka. "Hongera mama. Mimi mwaka jana pekee nimeanguka mara ambazo hata sizikumbuki. Watu wanakimbia kuniinua mpaka naona aibu. Sasa watakuwa wananipita tu."

Wageni walipoondoka, Baba Neema alibaki na kalibu mezani. Alipitisha kidole ndani ya kila shimo, taratibu, yote sita, akarudia la tatu. Kisha akasema wamepata kazi nyingine, ya kalibu ya chuma, ngumu kuliko hii, itaanza kesho. Akaenda kwenye kabati, akalifungua, akalitazama kwa muda kama kawaida yake. Mafundi wakajisogeza kupokea.

Hakuchukua kitu. Akamgeukia mama yangu.

"Mama Ester, kwa chuma kile, wewe unaonaje? Tuanze na kipi?"

Mama aliendelea kupangusa mikono. Nilitamani ajibu haraka kabla mzee hajabadilisha mawazo.

"Ngoja kwanza nikaone chuma chenyewe," akasema, akatoka nje kwenda kukitazama.

Na Baba Neema, ambaye hakuwahi kumngojea mtu yeyote pale, akasimama mbele ya kabati wazi, akangoja.